Mpiga drams anayetaka kuhamia kwenye rangi: yupo aliyetangulia, na alitoka mara mbili

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga drams kwenye bendi ya rock hapa Nairobi, huu mwaka wa nane. Tangu kipindi cha corona nimeanza kupaka rangi nyumbani na siku hizi hata nikiwa stejini akili iko kwenye turubai niliyoiacha mbichi. Nataka kuacha bendi nichore tu. Wenzangu wanasema nimechanganyikiwa, eti hakuna mpiga drams wa maana aliyewahi kuacha muziki akawa mchoraji. Kweli hakuna? Na kama yupo aliachaje, alijuta? Na seti yangu niuze?

Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako waambie yupo, na sio wa bendi ya mtaani, ni wa King Crimson ya mwaka 1972, bendi ya rock ya Uingereza ambayo kama wanajiita watu wa rock kweli wanaijua. Anaitwa Jamie Muir, Mskoti wa Edinburgh. Amefariki Februari 2025 kule Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, na miaka kama arobaini ya mwisho ya maisha yake alikuwa mtu wa rangi na brashi, drams hazimo.

Ila kabla hujakimbilia kuwaonyesha simu ngoja nikusimulie taratibu, maana habari ya huyu mzee watu wanaifupisha sana, wanasema tu mpiga drams kaacha kawa mchoraji, na ukiifupisha hivyo inakuwa uongo kabisa, na wewe ukiufuata huo uongo utaumia.

Kwanza jamaa alianzia kwenye kuchora. Miaka ya 60 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Edinburgh, na muziki ukamkuta hukohuko, tena akaanza na tromboni, akapiga piga jazz, ndo baadaye akahamia kwenye drams na vitu vya kugonga. Kwa hiyo alipokuja kuacha muziki alikuwa anarudi kwenye kitu alichokianza akiwa kijana. Hapo wengi wanapitwa. Na hakuwa peke yake, Uingereza ya miaka ile vyuo vya sanaa ndo vilikuwa kitalu cha rock, kijana asiyekuwa na alama nzuri darasani lakini ana mkono anaingia chuo cha sanaa, anapata ruzuku, anapewa muda mrefu wa kukaa na kujaribu vitu bila mtu kumfokea, na kwenye kona kuna mtu ana gitaa. John Lennon alipita chuo cha sanaa Liverpool, Keith Richards Sidcup, Pete Townshend Ealing, Ray Davies Hornsey, Syd Barrett Camberwell. Hata Charlie Watts, mpiga drams wa Rolling Stones, alisoma Harrow akafanya kazi ya ubunifu kwenye kampuni ya matangazo kabla ya kushika stiki kwa mshahara. Huyo Charlie nitamrudia.

Sasa nakuuliza na wewe: kabla ya stiki ulikuwa unashika nini? Umeniambia umeanza kupaka rangi kipindi cha corona, lakini muulize mama yako kuhusu madaftari yako ya darasa la nne na kuta za nyumba yenu. Mie nilipomuuliza mama yangu alicheka sana halafu akanionyesha mlango wa stoo. Ukikuta ulikuwa unachora toka zamani basi unarudi nyumbani, ukikuta hujawahi kabisa basi unahama, na kuhama kuna gharama zake, sio mbaya ila ujue mapema.

Tuendelee na Muir. Alivyotoka Edinburgh akaenda London akaingia kwenye ule muziki wa papo kwa papo, ule ambao watu wanapanda stejini hamna wimbo, hamna ufunguo, hamna aliyehesabu moja mbili, kila mtu anasikiliza mwenzake na kujibu. Kundi lao liliitwa Music Improvisation Company, humo kulikuwa na Derek Bailey kwenye gitaa na Evan Parker kwenye saksafoni, watu wazito sana kwenye fani hiyo. Akapita pia Assagai, bendi ya afro-rock ya palepale London yenye wapigaji wa Afrika Kusini na Nigeria. Halafu mwaka 1972 mpiga gitaa Robert Fripp anaunda upya bendi yake ya King Crimson na kwenye upande wa midundo anaweka watu wawili: mmoja ni Bill Bruford, kijana wa miaka 23 ametoka bendi ya Yes ikiwa juu kabisa, mwenye mpigo msafi kama saa, na wa pili ni huyu Muir ambaye amekuja na minyororo, mabati, kengele, gongo, filimbi za kuigiza ndege na vyuma ambavyo ukiviona nje ya gereji utadhani vinasubiri mtu wa skrepa. Shoo zao za kwanza walipiga Oktoba mwaka huo Frankfurt, Ujerumani, kwenye klabu inaitwa Zoom. Muir alikuwa anavaa manyoya na kutema damu ya bandia aliyoiweka mdomoni kwenye vidonge. Fripp yeye na gitaa lake amekaa kwenye stuli katulia kama yuko benki.

Albamu yao ilitoka Machi 1973, jina lake Larks' Tongues in Aspic, na hilo jina alilitoa Muir mwenyewe, yaani ndimi za vindege ndani ya jeli ya nyama. Usiniulize. Ila isikilize mwanzo wake. Inaanza na kalimba, ile ala ya vyuma vyembamba inayopigwa kwa vidole gumba. Mie mara ya kwanza naisikia nilikuwa na kaseti niliyorekodiwa na rafiki, nikadhani karekodi juu ya kaseti ya mtu wa Dodoma, maana ilimba za Wagogo nimezisikia tangu utotoni, nikarudisha nyuma nikasikiliza tena, na tena, ndo nikaelewa kumbe ni mwanzo wa albamu ya rock ya Waingereza. Sauti zinaingia moja moja, zinaachwa zielee, inawekwa nyingine juu yake, hamna haraka, inachukua muda mrefu kabla fidla haijaingia na gitaa halijaanza kunguruma.

Na hapa ndo ninapotaka ukae na masikio ya mchoraji. Sikiliza jinsi Muir anavyogonga. Bruford anashika wakati, anajua kila mpigo uko wapi. Muir anaweka sauti mahali, anaacha nafasi, anarudi anakwaruza pembeni, kisha anamwaga kitu kizito katikati halafu anaondoka. Kwangu mimi ule ni upakaji wa rangi. Sisemi hivyo kwa sababu najua alikuja kuwa mchoraji, nilishawaza hivyo kabla sijajua historia yake, nikawa namwambia mwenzangu huyu mtu anapiga kama anapaka ukuta, mwenzangu akadhani namtukana.

Bruford mwenyewe amesema mara nyingi kwamba Muir ndo aliyemfundisha kuwa mpigaji yupo kwa ajili ya kuutumikia muziki, muziki haupo kwa ajili yake. Kijana alikuwa amezoea kuwa fundi wa kusifiwa, akakutana na mtu anayemwambia ufundi wako haunihusu, sikiliza kinachotakiwa. Miezi michache tu hiyo, lakini Bruford ameibeba maisha yake yote, na yeye alikuja kuacha kupiga hadharani mwaka 2009 akaenda kusoma mpaka akapata udaktari wa falsafa chuo kikuu cha Surrey 2016, halafu uzeeni akarudi tena kwenye drams na kundi dogo la jazz. Kwa hiyo hata kuacha kwenyewe kuna wa kurudi na wasiorudi.

Sasa namna Muir alivyoacha. Februari 1973 bendi ilikuwa na shoo Marquee, klabu ya Wardour Street, London. Baada ya hapo ikatangazwa kwamba Muir ameumia akiwa stejini, hawezi kuendelea. Magazeti yakaandika hivyo, wenzake waliambiwa hivyohivyo, na bendi ikaendelea watu wanne. Ukweli ulikuja kujulikana baadaye: aliamua mwenyewe. Alikuwa anapitia mambo makubwa moyoni, akaenda kuwaambia wasimamizi wa bendi kwamba anataka kwenda kuishi maisha ya utawa wa Kibudha. Habari ya ajali ikatolewa kama pazia. Albamu inatoka mwezi uliofuata yeye hayupo.

Huu mfano wa pazia usiufuate. Najua mnavyofanya kwenye bendi, mtu akitaka kuondoka anajifanya mkono unauma, au mama mgonjwa, au kapata kazi Kisumu. Mie nilifanya hivyohivyo, nilipiga miaka kumi na moja kwenye bendi za hotelini Dar, rock tunapiga usiku wageni wakilewa, mapema tunapiga za kuombwa, na nilipochoka nikasingizia bega. Basi kila nikikutana na mpiga besi wetu ananiuliza bega linaendeleaje. Miaka minne! Nikamwambia ukweli kwenye msiba mmoja, akanyamaza kidogo halafu akasema wangejua wangenichangia turubai. Waambie wenzako ukweli mdogo wangu, wape miezi miwili mitatu, mfundishe atakayekaa kwenye stuli hata kama ana mkono mzito, na shoo zilizolipiwa adivansi zipige zote.

Turudi Skotilandi. Muir alienda Samye Ling, kituo cha Wabudha wa Kitibeti kilichoanzishwa mwaka 1967 huko Eskdalemuir, mashamba matupu na mvua, mbali na kila kitu. Akakaa miaka. Kumbuka bado hatujafika kwenye uchoraji, wanaosimulia kwa kifupi wanaruka hapa, wanamtoa stejini wanamkabidhi brashi mchana uleule, kumbe katikati kuna miaka kama saba ya kukaa kimya. Katikati hapo kuna kisa kimoja sitakiacha hata kama hakikuhusu sana: Machi 1973, mara tu baada ya kuacha, Muir alikuwa kwenye harusi ya Bruford, akapiga stori na Jon Anderson, mwimbaji wa Yes, kuhusu kitabu cha maisha ya mwalimu mmoja wa yoga wa Kihindi, na kutokana na ile stori Anderson akaenda kutengeneza na wenzake albamu ya santuri mbili yenye nyimbo nne tu, kila mmoja upande mzima. Wapo wanaoiabudu na wapo wanaosema ndo ilikuwa mwanzo wa mwisho wa rock ya namna ile. Mtu ameacha muziki na bado maongezi yake harusini yanazaa albamu ya bendi nyingine.

Mwaka 1980 akarudi London na akarudi kwenye muziki. Ndiyo, alirudi. Akarekodi na yule Derek Bailey wa zamani, wawili tu, ikatoka 1981. Halafu akafanya muziki wa filamu ya mwaka 1983 inaitwa Ghost Dance pamoja na David Cunningham na Michael Giles, na huyu Giles ndo mpiga drams wa kwanza kabisa wa King Crimson, yaani wapiga drams wawili wa bendi moja ambao hawakuwahi kuwemo pamoja wakakutana nje yake. Baada ya hiyo kazi ndo akatoka moja kwa moja. Akaenda kuchora.

Kwa hiyo alitoka mara mbili. Mimi ninavyosoma, na hapa ni maoni yangu mchukue au muache, mara ya kwanza alikuwa anakimbia kitu na mara ya pili alikuwa anakwenda mahali. Mara ya kwanza ilimkuta katikati ya kelele, sifa, safari, damu ya bandia, hajui vizuri anataka nini ila anajua hiki hapana. Mara ya pili alishakaa kimya miaka, akarudi akagusa tena vyuma vyake, akaona sawa, bado anaweza, bado vitamu, na bado akaondoka. Hiyo ya pili ndo naiamini. Wewe sasa hivi uko kwenye ipi? Ukiwa stejini unawaza turubai kwa sababu turubai linakuita au kwa sababu mwimbaji wenu anakuudhi na promota hajalipa tangu Disemba? Nakuuliza kwa nia njema, maana mie mwaka wangu wa kwanza wa kuchora ulikuwa wa hasira tupu kwa hoteli moja iliyokaa na hela yetu ya miezi mitatu, nilichora picha kumi na tisa zote nyekundu na nyeusi na hakuna hata moja iliyokuwa picha, zilikuwa barua za kudai mshahara.

Umeuliza alijuta? Miguu yake nadhani inajibu. King Crimson iliundwa upya 1981, ikaundwa tena 1994, na kuanzia 2013 Fripp alirudi na wapiga drams watatu wamepangwa mbele kabisa ya steji na magitaa nyuma, kitu ambacho ukiangalia kina harufu ya lile wazo la 1972. Mwaka 2012 walitoa sanduku la diski 15 kwa ajili ya ile albamu moja, ndani yake rekodi za shoo za kile kipindi kifupi Muir alichokuwemo. Diski kumi na tano kwa mtu aliyekaa kwenye bendi chini ya mwaka mmoja! Milango ilikuwa wazi, hela ilikuwepo, mashabiki wangelia machozi. Hakurudi stejini.

Wengine nitawataja haraka ili uwe na mifano ya kulinganisha. Stuart Sutcliffe alikuwa mpiga besi wa Beatles, na besi yenyewe aliinunua kwa hela ya mchoro wake uliouzwa kwa pauni 65 baada ya maonyesho kwenye Walker Art Gallery, Liverpool. 1961 akawaacha wenzake palepale Hamburg akaingia chuo cha sanaa chini ya mchongaji Eduardo Paolozzi, na Aprili 1962 akafa kwa damu kuvuja kwenye ubongo, miaka 21 tu. Syd Barrett wa Pink Floyd alirudi Cambridge akawa anachora kwake nyumbani, na akimaliza michoro mingi alikuwa anaipiga picha halafu anaiharibu. Hao wawili nawaheshimu lakini siwezi kumwambia mtu awaige, mmoja mauti yalimuwahi na mwingine alikuwa anaumwa.

Wa kumtazama vizuri ni Don Van Vliet, yule aliyejiita Captain Beefheart. Mpiga drams sio, mwimbaji, lakini kisa chake kinakugusa. Alitoa albamu ya mwisho 1982 akaacha muziki moja kwa moja, akaingia kwenye uchoraji akiwa na watu wenye nguvu nyuma yake, katikati ya miaka ya 80 michoro yake ilikuwa kwenye magalari ya New York na mwenye galari Michael Werner wa Ujerumani alikuwa anamuuzia picha zake. Na aliambiwa waziwazi na watu wa biashara ya picha: ukiendelea na muziki hakuna atakayekuchukulia kama mchoraji, utabaki kuwa mwanamuziki anayejifurahisha na rangi. Akakubali, akafunga mdomo, akachora mpaka alipofariki Disemba 2010 California. Wanunuzi wa picha wana dharau hiyo kweli, na huku kwetu ipo vilevile, mie kwenye maonyesho yangu ya kwanza mtu aliniuliza baadaye bendi inaanza saa ngapi.

Na kuna Charlie Watts, nilisema nitamrudia. Huyu hakuacha. Kuanzia 1967 kila kitanda cha hoteli alicholalia akiwa ziarani alikichora, kila kimoja, miaka zaidi ya hamsini mpaka alipofariki 2021. Vitanda tu. Anarudi kutoka uwanja wa watu elfu sitini anakaa na penseli anachora kitanda. Namtaja kwa sababu wewe umeniandikia kana kwamba kuna milango miwili tu, na Charlie alikaa kwenye korido maisha yake yote na sijawahi kusikia akilalamika kwamba Rolling Stones inamnyima kuchora.

Haya, tuseme umejipima na umeona unaenda. Kuna mambo ambayo hakuna mtu atakwambia kwa sababu wachoraji wengi hawakuwahi kupiga drams na wapiga drams wengi hawachori.

La kwanza ni masikio. Kipimo cha usalama wanachotumia wataalamu wa kelele kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ikiongezeka 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 100 una kama dakika 15 tu, na seti ya drams kwenye chumba kidogo cha mazoezi inapita 100 bila kutoa jasho. Miaka minane mdogo wangu. Sasa utakapokaa peke yako na turubai, dirisha limefungwa, saa tano usiku, ndo utasikia kengele masikioni ambayo ilikuwepo siku zote ila kelele ziliifunika. Mie ilinitisha, nikadhani nyaya za umeme. Nenda kapime masikio kabla hujaacha, na shoo zilizobaki vaa plagi za masikio, za bei rahisi pia zinasaidia. Kwenye chumba cha kuchorea weka redio kwa sauti ya chini, au feni.

La pili ni kimya chenyewe, na hiki ndo kinawarudisha watu kwenye bendi kuliko njaa. Drams zinakujibu hapohapo, unapiga snea inasema pa, watu wanatikisa vichwa. Turubai halikujibu. Unaweka bluu, unasubiri, unakunywa chai, unaona ile bluu ya kijinga. Hakuna anayehesabu nne ili uanze na hakuna anayepiga makofi ukimaliza, tena hata kumaliza kwenyewe hujui, wimbo una mwisho lakini picha unaweza kuiharibu wiki nzima baada ya kuwa imeshakwisha. Kwa hiyo nakushauri uanze na akriliki, ile rangi ya kuchanganya na maji, inakauka kwa dakika chache, mkono wa mpiga drams haupendi kusubiri. Rangi ya mafuta ni tamu zaidi, siwezi kudanganya, lakini inataka siku na siku, na ina sheria yake kwamba tabaka la chini liwe jembamba na la juu ndo liwe na mafuta mengi, ukigeuza la juu linapasuka. Na sikiliza hili kwa makini maana ni la kuunguza nyumba: matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa kwenye kona, yanajipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka bila hata njiti ya kiberiti. Yatandaze nje yakauke au yazamishe kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko. Tapentaini nayo fungua madirisha.

Vifaa visikutishe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza 1968 pale Dar alipakia rangi za kung'aa za dukani, zile za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya sentimita 60 kwa 60, na leo ni mtindo mzima wenye jina lake. Nunua kitambaa cha marekani, kikaze kwenye fremu ya mbao, kipake tabaka mbili tatu za rangi nyeupe ya kutangulizia, endelea na maisha. Hela yako iweke kwenye rangi nzuri tano tu, nyeupe nunua kubwa.

La tatu ni mkono. Wapiga drams wanakuja na bahati wasiyoijua: mikono miwili inafanya mambo tofauti bila kugombana, kifundo cha mkono ni chepesi, na brashi ndefu ukiishika nyuma kabisa kama stiki unapata mstari ambao mtu aliyezoea kalamu hawezi kuupata. Ubaya wake ni kwamba mnajaza. Mpiga drams akiona nafasi tupu anataka kuweka roli, yale mapigo ya haraka yanayofuatana. Miaka yangu miwili ya kwanza turubai zangu zilikuwa zimejaa mpaka pembeni, mzee mmoja aliyekuwa ananiangalizia kazi alikuwa anakuja anafunika nusu ya picha kwa kanga halafu ananiuliza, umepoteza nini? Ilikuwa inaniuma maana mara nyingi sikuwa nimepoteza kitu. Rudi usikilize tena ule mwanzo wa kalimba, hesabu sekunde ambazo hakuna kinachotokea.

Hela sitaipamba. Mwaka wa kwanza usitegemee picha kulipa kodi ya nyumba. Fundisha watoto drams Jumamosi, piga kwenye harusi moja moja, hakuna atakayekuja kukukamata, Beefheart alikuwa na magalari ya Ujerumani nyuma yake wewe una mimi tu. Jitengenezee miezi sita ya akiba kabla ya kuwaaga wenzako, na kama miezi sita haiwezekani basi mitatu, na kama mitatu haiwezekani basi chora usiku kwanza kama Charlie na vitanda vyake mpaka iwezekane.

Seti usiuze mwaka huu. Ifunike shuka ikae kwa ndugu mwenye stoo kavu, mbali na macho yako, ujipe kile kipindi ambacho Muir alijipa cha kwenda na kurudi. Baada ya mwaka nenda ukaipige siku nzima peke yako. Ukitoka hapo una hamu ya kurudi kwenye rangi, uza, na anza na simbali, zile sahani za kugonga, maana ndo zinashika bei, nyingi ni nzuri hata zikiwa za zamani. Ila stuli usimpe mtu. Ile stuli ya drams inazunguka, inapanda na kushuka, haikuumizi mgongo ukikaa saa sita mbele ya turubai, na viti vyote nilivyojaribu havijaifikia. Yangu ngozi imechanika, nimeishona mara mbili, ina madoa ya kila rangi niliyowahi kununua, na ndo nimeikalia sasa hivi nikikuandikia. Nitumie picha za michoro yako mitatu ya karibuni, na usichague ile mizuri.